Bakuli Lililoshushwa Duarani

Boda aliyembeba Loveness kutoka Katoro alikuwa anaendesha kama amepakia trei za mayai, na bado kila shimo likitokea mbele Loveness alimpiga begani.

"Polepole kaka. Shimo hilo, hilo!"

"Dada, nikipunguza tena hapa tutashuka tukokote."

"Basi tukokote. Mimi nina mshono tumboni."

Boda akashusha gia. Tangu hapo akawa anakwepa hadi kokoto.

Walifika kambini jua limeshatoka. Maturubai ni yale yale, vumbi la karasha, mashine ya kusaga mawe, ni lile lile, na duara lenyewe, shimo la dhahabu, liko pale pale, mdomo wazi, na winchi yake ya mkono juu. Loveness akashuka mguu mmoja, akapumzika, akashusha wa pili. Chini ya gauni alikuwa amejikaza khanga mbili tumboni.

"Usiende mbali," akamwambia boda.

"Kwani unarudi leo leo?"

"Sijui. Ndo maana nakwambia usiende mbali."

Hapo ujue huyu mwanamke alikuja roho mkononi.

Maana sikia. Loveness ndo alikuwa mpishi wa kambi ya Mzee Bujiku, mwenye duara. Akipika yeye, wachimbaji walikuwa wanagombania ukoko. Na humo humo jikoni ndo Sostenes alimpendea. Jamaa alikuwa anatoka shimoni amechoka hoi, badala ya kulala anakuja kumchotea maji, ndoo baada ya ndoo, mpaka siku moja Loveness akamwambia, "We kaka, mapipa yamejaa, sema unachotaka." Wakaoana. Ng'ombe za mahari zikatoka kwao Sostenes, huko vijijini Shinyanga. Mimba ikaingia.

Kumbe ile mimba ilitunga nje ya kizazi, kwenye mrija. Ikapasuka Loveness akiwa anasonga ugali wa kambi nzima. Alianguka na mwiko mkononi. Wakamkimbiza hospitali na gari la kubebea mawe, akapasuliwa, mrija mmoja ukatolewa, na mtoto akaenda nao.

Sostenes hakukanyaga wodini. Hata mara moja. Loveness akatoka hospitali, akauguziwa kwa shangazi yake pale Katoro, wiki zikapita, mume haonekani. Ndo hicho kilichompandisha pikipiki asubuhi hii. Kazi aliitaka, ndiyo, lakini alitaka kwanza kujua kama bado ana mume.

"We! Love!" Martina, mwanamke aliyeshika nafasi yake jikoni, aliacha kusonga. "Si tuliambiwa umekufa?"

"Nilianza, nikaghairi."

Martina akacheka, halafu akajiziba mdomo, akaangalia kule duarani. "Njoo huku nyuma ya turubai. Watakuona."

"Wanione tu. Nimekuja kazini."

"Kazi gani na wewe unatembea kama bibi kizee? Sikia shoga yangu. Jana wamegusa mwamba wa dhahabu. Mwamba wenyewe! Wamesaga jiwe moja tu, Mzee Bujiku karuka kama mtoto. Leo wanazama kutoa mawe. Mganga keshapita, kamwaga majivu kuzunguka duara, katoa masharti. Viatu hakuna, sabuni hakuna, na mwanamke mwenye damu asisogee."

"Sina damu mimi. Niliimwaga yote siku ile hapo uliposimama."

Martina akasogeza miguu bila kujijua. "Wanasema damu ya mtoto huwa haiishi. Ukipika wewe, dhahabu inakimbia."

"Dhahabu ina miguu?"

"Usiniulize mimi. Mimi napika tu."

Loveness alikuwa ameshaacha kumsikiliza. Alikuwa amemwona.

Sostenes alisimama kwenye mdomo wa duara, kifua wazi, tochi kichwani, miguu peku. Alikuwa amekonda. Na yeye alikuwa amemwona. Wenzake wakaacha kuongea mmoja mmoja mpaka ikabaki sauti ya karasha peke yake. Loveness akatembea kuelekea kwake, mkono tumboni, macho hayabanduki usoni kwa yule mwanaume. Macho ya Sostenes nayo yalishuka mpaka kwenye ule mkono tumboni, yakapanda haraka.

"Shemeji, ishia hapo hapo," akasema Eliya, mzungusha winchi. "Usivuke majivu. Samahani lakini."

Akaishia kwenye majivu. Mstari mwembamba tu, wa kufuta na kidole cha mguu.

"Umepona?" Sostenes akauliza.

"Ndo unaniuliza leo?"

"Love..."

"Nesi alikuwa ananiuliza kila asubuhi, dada, mwenzio yuko wapi? Namwambia yuko njiani. Kesho yake, yuko njiani. Mpaka wagonjwa wenzangu wakakupa jina. Wanaamka, wananiuliza, eti Njiani hajafika?"

Mchimbaji mmoja akakohoa kuficha kicheko. Sostenes hakucheka.

"Nilikuja," akasema. "Nilifika mpaka getini."

"Geti halikuwa linaumwa, Soste."

"Mzee alisema nikilala chumba kimoja na wewe, nikikugusa tu, nisirudi hapa. Na mwamba ulikuwa karibu, Love, tulikuwa tunaunusa. Nikasema ngoja nivumilie. Tukitoa mawe nakujengea nyumba, nakupeleka kwa madaktari wakubwa, nakupa..."

"Madaktari nilikuwa nao. Nilikuwa nataka mtu wa kunishika mkono niende chooni."

Sostenes akaivua tochi kichwani, akaivaa tena. Alimwangalia tu, na lile jicho lake Loveness analijua, ni lile lile la kipindi cha ndoo za maji, jicho la mtu anayetaka kitu na hajui aanzie wapi. Moyo wa Loveness ukamsaliti palepale. Alitamani avuke yale majivu akaweke uso kwenye kile kifua chenye vumbi alie mpaka aishiwe. Lakini hakuvuka.

"Una bakuli lako bado?" akauliza. "Lile la bluu?"

"Lipo jikoni."

"Leo nakupikia. Peke yako. Nitakushushia na kamba kama zamani. Likirudi tupu, nitajua nina mume, mengine tutaongea. Likirudi na chakula, sitakuuliza kitu. Boda wangu yule pale."

"Love, usinifanyie hivyo. Leo siyo siku ya..."

"Siku yangu mimi ilikuwa ipi?"

"Nimesikia!" Sauti ilitoka nyuma. Mzee Bujiku, kofia ya pama, fimbo mkononi, anakuja taratibu. Loveness akapiga goti nusu, mshono ukamkatalia akasimamia hapo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Pole na matatizo, binti yangu. Mimi sina ugomvi na wewe. Ila duara ni duara." Akamgeukia Sostenes. "Atakayekula chakula chake leo, hana mgao wa mawe kwangu. Kama yuko chini apande, kama yuko juu aondoke. Jasho lote alilomwaga humo ndani ahesabu kamwaga mtoni. Umenielewa kijana?"

"Nimekuelewa mzee."

"Zama."

Sostenes akashika kamba. Alimwangalia Loveness mara ya mwisho, halafu kichwa chake kikapotea ndani ya shimo, tochi nayo ikapotea.

*

Jikoni, mama mkwe alikuwa amekaa juu ya gunia la mkaa. Mama Sostenes. Alikuja na basi kutoka Shinyanga mara tu aliposikia mwamba umekaribia, kama wanavyokuja ndugu wengine wote.

"Shikamoo mama."

"Marahaba." Akaangalia pembeni. Loveness akachukua sufuria ndogo, akateka maji kwa kopo, maana ndoo haiinui. Akainjika. Akakaa. 

"Mimi sikukatai, ng'wana wane, mwanangu," yule mama akasema mwishowe, bado anaangalia pembeni. "Nisikilize vizuri. Mimi sikukatai. Tumbo lako ndo limetukataa."

"Mama, kizazi ninacho. Daktari alinieleza, katoa mrija mmoja tu, mwingine upo. Kasema nipumzike, baadaye naweza kushika tena."

"Daktari atasema nini sasa? Atasema nimekuharibu? Mtu akishapasuliwa ameshapasuliwa. Sostenes ndo mwanaume pekee aliyebaki kwangu. Kwa baba yake wanasubiri mtoto. Nitawaambia wasubiri mrija?"

Martina akainamia sufuria lake, kajifanya anatafuta jiwe kwenye mchele, na alikuwa anapika ugali.

"Umemtafutia mwingine?" Loveness akauliza.

Mama Sostenes akainama. Akawa anachora chini kwa kidole.

"Mama, umemtafutia?"

"Yupo binti wa jirani. Wazee wanaongea. Kuongea siyo kuoa." Sauti yake ikabadilika ghafla. "Unafikiri mimi napenda? Nilishatangaza kijiji kizima! Nilishamwita Ngusa. Kama marehemu baba yake Sostenes. Nikiwa nachunga naongea naye peke yangu kama chizi, Ngusa hivi, Ngusa vile. Halafu napigiwa simu."

Loveness alikuwa ameshika unga kwenye kopo. Mkono ukabaki hewani.

"Na mimi nilimwita hivyo hivyo," akasema. "Kimya kimya. Sostenes hata hajui."

Wakaangaliana kwa mara ya kwanza. Ungedhani watakumbatiana. Hapana. Yule mama aliinua khanga, akajifuta, akasema, "Maji yanachemka hayo," akageuza uso.

Loveness akamwaga unga. Akashika mwiko.

Na hapa ndo palimvunja kabisa. Huyu ni mwanamke aliyekuwa anasonga sufuria la kambi nzima, mguu mmoja umekanyaga ukingo, mgongo unacheza, huku anaimba. Leo ugali wa mtu mmoja, alipougeuza mara ya pili tu, maumivu yakamchana kutoka kitovuni mpaka kiunoni. Akauma mdomo. Akageuza tena. Jasho likamtoka. Akajaribu kwa mkono mwingine, akajaribu amekaa, akajaribu kwa magoti. Ugali ukawa unamwangalia tu, umejaa madonge.

"Nikusaidie?" Martina akanong'ona.

"Usiguse."

"Love, utachanika."

"Nimesema usiguse! Nikishindwa hata hiki, mimi nimebaki nani?"

Martina akarudi nyuma. Loveness akausonga hivyo hivyo, machozi yanadondokea pembeni ya sufuria, akaupakua na madonge yake kwenye bakuli la bluu lililobanduka rangi, akaweka dagaa juu, akalifunika kwa kitambaa, akapiga fundo.

*

Siku ya mawe hakuna anayepanda kula. Akipanda mmoja, wenzake watasema kaficha jiwe mdomoni. Kwa hiyo chakula kinashushwa na kamba, bakuli zote kwenye ndoo.

Eliya alipanga bakuli za Martina. Alipofika kwenye lile la bluu akarudisha mikono nyuma.

"Shemeji, hilo weka mwenyewe. Usinielewe vibaya. Mimi nina watoto."

"Sijakuelewa vibaya, Eliya." Akanyoosha mkono juu ya majivu, miguu iko huku, akaliweka. Ndoo ikaanza kushuka. Winchi ikalia kwii, kwii, kwii, mpaka kamba ikalegea.

Eliya akashikilia mkono wa winchi.

Halafu sauti zikatoka chini, nzito, hazieleweki. Mtu anafoka. Mwingine anafoka zaidi. Loveness alijaribu kuisikia sauti ya Sostenes katikati ya zile, asiisikie. Alikuwa ameshika ncha ya khanga anaisokota, anaisokota, mpaka kidole kikafa ganzi. Mama mkwe alikuwa amesimama sasa. Mzee Bujiku naye, ameegemea fimbo. Kambi nzima ilikuwa imesimama, watu wamemwangalia yeye, yeye ameangalia kamba.

Kamba ikatikiswa.

"Napandisha," akasema Eliya.

Kwii, kwii, kwii. Bakuli la kwanza, tupu. La pili, tupu, limelambwa. La tatu. Halafu Eliya akasimamisha mkono. Akainamisha kichwa.

Bakuli la bluu lilirudi kama lilivyoshuka. Fundo lake ni lile lile. Hakulifungua hata kuangalia amepikiwa nini.

"Pole shemeji," Eliya akasema, kwa sauti ndogo sana.

Loveness hakulia. Alilitoa bakuli kwenye ndoo, akaliweka chini pembeni ya majivu, upande wa duara, vizuri, lisimwagike. Akajinyoosha kidogo kidogo. Akaanza kutembea kuelekea pikipiki. Alisikia Mama Sostenes akishusha pumzi, na hakujua kama ni ya nafuu au ya nini, wala hakugeuka ajue. Kila hatua alikuwa anajiambia, usianguke hapa, Loveness. Kaangukie mbele huko.

Boda alikuwa amejilaza juu ya pikipiki, akaamka ghafla. "Vipi? Tunarudi?"

"Tunarudi."

"Kazi umepata?"

"Washa pikipiki kaka."

Boda akawasha. Nyuma, Eliya akapiga kelele, "Mtu anapanda! Shikeni winchi, mtu anapanda!" Loveness akasikia, akanyanyua mguu apande siti. Mguu ukakataa. Akajaribu tena.

"Fungua mdomo," sauti ya Eliya ikasikika kule. Ndo utaratibu.  "Hana kitu mzee. Mdomo mtupu."

"Umesahau nini huku juu?" Bujiku akauliza.

"Chakula changu."

"Sostenes! Mwanangu!" Mama yake. "Usiguse!"

"Kijana, ukivuka hayo majivu na hilo bakuli, umeshavuka. Mimi sirudii."

"Nimesikia mzee. Asante kwa yote."

Boda, ambaye alikuwa anafuatilia kwenye kioo cha saiti mira kama anaangalia mpira, akazima pikipiki. "Dada. Kuna jamaa anakuja mbio na bakuli."

Loveness akageuka. Sostenes alikuwa anakimbia peku juu ya mawe makali, vumbi jeupe mpaka kwenye kope, bakuli amelikumbatia kifuani kwa mikono miwili. Akafika anahema.

"Umerudisha," Loveness akasema.  "Hukufungua hata fundo. Nimeona mwenyewe."

"Nisingeweza kula kule chini. Wale wenzangu wanaamini, Love. Ningekula mbele yao wangeingiwa na hofu, na mtu mwenye hofu kule chini anagonga vibaya timba, zile nguzo za kushikilia kuta, wanafukiwa wote. Wamenifokea hata kulipokea tu. Nikasema ngoja litangulie. Mimi nalifuata."

"Na mawe yako?"

"Yako chini."

"Soste, umefanya nini? Umechimba humo mpaka..."

"Nina njaa," akasema.

Akachuchumaa pale pale barabarani. Fundo likamshinda, akalifungua kwa meno. Akakata tonge la kwanza, akatafuna, kambi nzima inaona. Akatafuna muda mrefu.

"Una madonge," akasema.

"Nilishindwa kuusonga."

Hapo ndo Sostenes alipoelewa. Yaani nyumba, mwamba, madaktari wakubwa, vyote vilimtoka kichwani, akabaki na ugali wa mtu mmoja uliomshinda mkewe. Mabega yakaanza kutikisika. Alikuwa analia na anakula, hajifuti, vumbi linatiririka na machozi mpaka kidevuni.

"Alikuwa wa kiume?" akauliza.

"Hawakuniambia. Alikuwa mdogo sana."

"Ulimpa jina?"

"Ngusa."

Akasimamisha tonge mdomoni. Kule nyuma mama yake alikuwa amejifunika khanga kichwani, amewapa mgongo. Hakuja. Hakuita tena.

"Kula," Loveness akamwambia. "Maliza yote."

Akala mpaka dagaa wa mwisho, akapangusa bakuli kwa kidole. Loveness akalichukua. Aliligeuza juu chini, akalielekeza kambini, kwa Bujiku, kwa Eliya, kwa wote. Hakikudondoka kitu. Huko duarani winchi ilikuwa imeanza kulia tena, mawe ya kwanza yanapanda, na watu wakawapa kisogo wakakimbilia kuyaona.

"Nisamehe, mke wangu."

"Bado. Nikipata nguvu nitakugombeza mpaka majirani wahame. Sasa hivi nishike mkono nipande pikipiki."

Sostenes akafuta kiganja kwenye suruali, upande mmoja, upande wa pili. Akaushika mkono wake. Ulikuwa wa baridi, mwepesi, na ulimkamata kwa nguvu ambayo hakuitegemea. Akampandisha taratibu, yeye akapanda nyuma yake, akamzungushia mkono juu ya kifua, mbali na tumbo.

"Mishikaki hiyo," boda akalalamika. "Wawili hamkuniambia. Haya, twende wapi?"

"Katoro," Sostenes akasema. "Na uende polepole kaka. Ana mshono."